Dawa ya Mtu Mmoja

Fundi rangi mmoja, ambaye wenzake walimwita Brashi, alirudi kutoka kazi ya wiki tatu mji wa mbali. Siku ya tatu nyumbani, mkojo ukaanza kumchoma na usaha ukamtoka. Alijua fika alikoutoa ugonjwa. Akaenda zahanati mtaa wa pili, akaambiwa ni kisonono, akachomwa sindano. Muuguzi akamsisitiza amlete mkewe.

"Sawa, dada," aliitikia, na hakumleta. Aliona hana sababu ya kumtia mwenzake presha bure, maana mke mwenyewe alikuwa mzima.

Miezi mitatu baadaye mkojo ukamchoma tena. Safari hii Brashi alikuwa na dhamiri safi: tangu arudi hakuwa ametoka nje ya ndoa hata kwa macho. Basi mkewe anatembea! Siku nzima alikaa juu ya ngazi akipaka dari ya ofisi ya watu, huku akiwapitia washukiwa kichwani. Aliyetiwa hatiani ni fundi aliyetengeneza cherehani ya mkewe, kwa kuwa alifika nyumbani mara mbili kwa mwezi na alikuwa anacheka sana.

Zahanati alimkuta muuguzi yule yule.

"Mke wangu kaniambukiza," alisema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Muuguzi akafunua kadi yake. "Nilikwambia umlete. Ulimleta?"

"Hakuwa anaumwa."

"Ugonjwa huu mwanaume mara nyingi unamchoma, anakuja mbio. Mwanamke anaweza kukaa nao miezi asihisi kitu, huku unamla ndani kwa ndani. Wewe ulimpelekea, ukajitibu peke yako, kisha ukarudi kuuchukua."

Fundi wa cherehani aliachiwa huru bila kujua kwamba aliwahi kushtakiwa.

Nyumbani alimkuta mkewe anashona sare za wateja, mto mgongoni. Akamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Mke hakupiga kelele. Alimaliza mshono, akakata uzi.

"Tumbo la chini linaniuma mwezi wa pili huu," alisema. "Nikadhani ni kukaa sana, nimenunua kiti kipya."

"Nisamehe, mke wangu."

"Kesho saa mbili tunakwenda wote. Na kule utaeleza wewe, mimi sina cha kueleza."

Brashi akaeleza, mbele ya muuguzi na mwanafunzi wake. Mkewe akaomba apimwe kila kinachopimika. Virusi vya UKIMWI havikuonekana, ila wangerudia kipimo baadaye. Kisonono kilikuwa kimepanda hadi kwenye kizazi. Akapewa sindano na dawa za wiki mbili. Alipouliza kama mtoto wa pili bado atapatikana, muuguzi alisema huenda, ila mirija ya uzazi ikishaumia ni vigumu kujua mapema.

Walipofika nyumbani, mke alimtolea Brashi godoro dogo stoo, akalitandika sebuleni, akamwekea na shuka safi. Kisha akarudi kwenye cherehani. Sare zilitakiwa Ijumaa.