Kagurudumu ka Piano ya Maman Emérence

Dimanche ile, katikati ya misa, piano ya kwaya ilipoanza kulia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu, kanisa zima pale mtaani Nguba liligeuka kuangalia vidole vya Maman Emérence. Piano yenyewe, ile ndogo ya umeme, hakuna aliyeiangalia. Piano ilikuwa mpya, yeye alikuwa wa zamani; kesi ikakatwa hapo hapo.

Baada ya misa, Papa Télesphore, prezida wa kwaya, alimfuata nje, kofia mkononi kama mtu anayeleta habari ya msiba.

“Maman, tunakuheshimia sana. Lakini bidole byako bimechoka. Siku ya Pasaka tutamupatia kijana Hugues apige.”

“Hugues? Ule anapiga piano kama mutu anatwanga sombe mu kinu?”

“Maman!”

“Niachie mpaka répétition ya samedi. Kama ni bidole, nitabifunga mu pagne nisibitoe tena. Kama ni piano, utaniomba pardon mbele ya kwaya yote, na ile sauti yako nzito ya bass.”

Prezida akakubali haraka. Aliyekwisha kushinda haogopi kuahidi.

Lakini Emérence alirudi nyumbani na moyo mzito. Tangu mumewe afariki, kila kiti alichokalia watoto walimwambia, “Pumzika, maman.” Kiti cha piano tu ndicho hakikumwambia hivyo.

Basi akaifunga piano mgongoni kwa pagne, kitenge chake, kama mtoto, akaipeleka kwa Aganze, binti mwenye kutengeneza radio na simu kando ya soko. Aganze akabonyeza noti moja, akakunja uso.

“Maman, noti imepanda juu kidogo. Hebu ona kale kagurudumu ka kushoto.”

Emérence hakuwahi kukagusa. Kazi yake ni kupindisha noti juu au chini, si kuongeza kelele. Ukikaachia, kanarudi katikati kenyewe. Haka hakakurudi. Kalikuwa kameegemea upande, kama mlevi kwenye ukuta.

Wakafungua skrubu. Ndani, uzi wa kijani ulikuwa umejizungusha kwenye kagurudumu mpaka springi ikapinda. Emérence alipouona, akacheka hadi akashika mbavu. Ulikuwa uzi wa kroshe! Papa Télesphore mwenyewe ndiye aliyeamuru piano ivishwe kitambaa cha kroshe ya kijani. Alisema: kama viti vya fotei na televisheni za salon nyumbani vinavaa kroshe, piano ya Mungu ikae uchi?

Aganze akachokora katika boksi la radio zilizokufa, akatoa springi mbili za milango ya kaseti. Ya kwanza ilikuwa kali, ikaruka mpaka barabarani. Ya pili ikakubali, lakini ilitaka mtu wa kuishikilia bila kutikisika.

“Nipe,” akasema Emérence. Vidole vile vilivyochoka vikaibana kwa pini ya nywele, vikatulia kama jiwe.

“Sasa uiwashe bila kukagusa,” Aganze akamwambia. “Piano inajifunza katikati iko wapi wakati inawaka.”

Samedi, Jumamosi ile ya mazoezi ya kwaya, Emérence aliwasha, akaweka mikono nyuma, akangoja. Kisha akapiga. Sauti ikatoka safi kama maji ya asubuhi. Hugues mwenyewe akapiga makofi. Emérence akaweka uzi wa kijani katika kiganja cha prezida.

“Hii ni nini, maman?”

“Ni nguo ya piano, papa. Ilikuwa inaibana.”

Kwaya ikaangua kicheko. Prezida akakohoa, akaomba pardon kwa sauti nyembamba ya alto.

“Hapana, papa. Tulisema bass.”

Akaomba tena, chini kabisa, hadi madirisha yakatetemeka.

Siku ya Pasaka, wakati wa matoleo, watu walikuja wakicheza na vikapu vya ndizi na maharagwe. Emérence, ambaye sasa alijua kazi ya kale kagurudumu, akakasukuma kwa kidole gumba. Sauti ikapaa, ikalia kama gitaa la solo, ikarudi nyumbani taratibu. Wamama wakapiga vigelegele. Vikapu vikasimama njiani, wenye vikapu wakacheza papo hapo.

“Rudilia, maman!” mtu akapaza sauti kutoka upande wa bass.

Akarudilia. Padri akangoja.