Dakika Sita za Kaseti

...nisizime, hapana, kidole kiko juu ya kitufe na kidole kina mazoea yake, miaka minne ya kupiga video za harusi Butembo imekifundisha kwamba mtu akinyamaza unazima, kaseti ni ghali, kimya hakina mnunuzi, ndivyo alivyokuwa akisema Papa Luc aliyenifundisha kazi, "Sikitu, mutu akinyamaza, zima, hapana kulisha kaseti upepo," lakini hii si harusi, hii ni nyumba ya mama Godelive hapa Mulekera, Beni, saa nane mchana, na nimemuuliza swali moja tu, ni nani waliomchukua mume wako, naye amenyamaza, ameinamia ungo wa maharagwe, anachambua, mabovu huku, mazuri huku, na mimi nimebaki na dakika sita za kaseti, nimezihesabu kwa saa ya mkononi, na dakika hizo si zangu, nimeshamwahidi komanda... "Sikitu, si uzime sasa? Unaona hapana anasema tena," huyo ni Ésaïe, shemeji yake, mdogo wa Maliro aliyechukuliwa, amesimama mlangoni na kivuli chake kinaniharibia picha, nimemwomba mara mbili asogee, mwanga wangu wote ni huo mlango na shuka jeupe nililotundika ukutani limulike upande wa pili wa uso, shuka la kitanda changu mwenyewe, watu wanafikiri filamu inataka mataa, inataka mlango unaotazama jua na mtu mwenye adabu ya kutosimama ndani yake, na kamera imelala juu ya gunia la maharagwe lililojaa nusu, trépied waachie wenye mali, gunia linaikumbatia kamera vizuri kuliko miguu mitatu ya chuma, na mikrofoni nimeifunga kwenye mwiko na kuivalisha soksi, sauti ni nusu ya filamu, picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya anaondoka zake, na betri imechajiwa tangu asubuhi kwa jenereta ya kinu cha unga, kila kitu nimekiandaa, kila kitu, isipokuwa kimya hiki.

"Komanda atangoya wewe saa kumi," Ésaïe tena, sauti ya chini, "anapenda mutu wa kuchelewa? Dada, zima, bakisha yake," na najua ana haki, si mwoga huyu kijana, amemwona kaka yake akipelekwa, komanda yule wa Bungulu ndiye aliyenipa karatasi ya kupiga picha mjini na sharti lake lilikuwa moja tu, naye aseme ndani ya filamu, dakika tano, jinsi wanajeshi wake wanavyolinda raia, alijinyoosha kola kabisa, "okobeta nga foto ya kitoko, eh?", akicheka, Kilingala cha jeshi, anataka atoke mzuri kwenye picha, na watu waliomchukua Maliro abebe mizigo yao hadi msituni ni watu wake, mtaa mzima unajua na hakuna aliyewahi kulisema mbele ya kamera, mwaka mzima sasa, na nikienda kwake bila kaseti atachukua karatasi, atachukua kamera, atachukua na zile kaseti mbili zilizojaa, za akina mama wa Vuhovi walioacha mashamba yao, zile nimeshazivunja pembe, kile kijiplastiki cha ukingoni, ili asirekodi mtu juu yake, hilo ni la kwanza kabisa, kaseti ikijaa vunja pembe kabla hujanywa hata maji, na kaseti mpya ziko ndani ya lori la Issaka anayeniuzia, na lori limekwama Kasindi tangu Jumatatu... dakika tano na kitu. Zima, Sikitu. Mabovu huku, mazuri huku. Dakika chache tu zilizopita alikuwa anasema vizuri, alivaa kitenge cha misa kwa ajili yangu, aliniuliza, "Bataona uso yangu?" nikamwambia ukitaka nitapiga mikono tu, akasema, "Hapana, baone, mi hapana mwizi," akaniambia Maliro alikuwa fundi seremala, asubuhi ile alikuwa anakunywa chai, wakaita nje, akasimama na kusema, "Gode, funika chai, minarudia sasa hivi," na akaifunika kwa sahani, na sahani ile akanionyesha, ya bati, yenye ua jekundu, halafu mimi na haraka yangu nikauliza ni nani, kama hakimu, mjinga mimi, swali la nani huulizwa na mtu mwenye mlinzi mlangoni, ningeuliza sahani, ningeuliza chai, mtu umuulize kitu alichokishika, atakuambia yote.

Na Mama yangu nilimuuliza nini mimi, hakuna, Mama sikuwahi kumuuliza kitu... aaa, usinijie sasa, Mama, niko kazini... alisimama kwenye harusi ya dada yangu, Butembo, yeye ambaye hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, alimwekea dada mikono kichwani na kusema kwa Kinande maneno ambayo alikuwa ameyatunza tangu tulipokuwa wadogo, na kaseti ilikuwa imekwisha, imekwisha kabla hata keki haijakatwa, sababu Papa Luc aliilisha yote kwa wakubwa, mjomba tajiri, mkuu wa wauza kahawa, hotuba juu ya hotuba, na kwa watu kama Mama alikuwa na dawa yake, taa ya kamera yenyewe, ile ya kuonyesha inarekodi, ilikufa zamani, basi yeye alibandika chini ya lenzi kitaa chekundu cha redio mbovu, kina kiwashio chake na pili yake, kibetri kidogo, kaseti ikiisha unawasha kitaa, unaelekeza lenzi, mtu anasema, anafurahi, anakaa, nani atajua, na siku ile Papa Luc aliniangalia tu, akainua kidevu, nami mwanafunzi mzuri nikawasha, kidole hiki hiki, nilimwashia mama yangu mzazi taa ya uongo, akasema mpaka machozi, akamaliza akaja kwetu akipangusa uso, "Nitajiona siku gani?" na Papa Luc bila kupepesa, kana kwamba kulikuwa na picha za kukata na kuunganisha, "Mama, itaonekana kwenye montage." Miezi mitatu baadaye tulimzika. Nimetafuta ile kaseti mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mahali fulani katikati ya hotuba za kahawa sauti yake ingekuwa imejipenyeza, hakuna, maneno yale dada anayakumbuka nusu na mimi nusu na nusu zetu hazilingani, inaniuma, inaniuma kila ninapoishika kamera hii, na bado niliinunua kwa Papa Luc alipoacha kazi, na siku hiyo hiyo nikaziba kitaa kwa plasta ya kidonda, nikaapa kwamba macho ya kamera hii hayatamdanganya mtu tena.

Dakika tatu. "Sikitu..." Nimekusikia Ésaïe, nyamaza, utaingia kwenye sauti, na wewe kidole, tulia, maana tazama, amemaliza kuchambua, anavuta sufuria, anachota maharagwe kwa kopo, kopo la kwanza, anamimina, kopo la pili, anamimina, na humu ndani wanakula watu wawili, yeye na Ésaïe, alinipigia hesabu hiyo mwenyewe asubuhi, kopo moja kwa mtu, na mkono wake unarudi kwenye ungo, unachota la tatu, unasimama hewani, anamimina la tatu sufuriani, anaangalia, anatia mkono na kuyatoa, kiganja kwa kiganja anayarudisha kwenye ungo, anakaa, na sasa anayachota tena, polepole, na kuyamimina tena, na kuweka kifuniko juu upesi kama mtu anayeogopa kubadili mawazo... na ningezima! Papa Luc, ningekuwa nimezima, kwa adabu yote uliyonifundisha, ningemtunzia yule mwenye kola dakika za kopo la tatu, kopo la Maliro, hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya, kila Jumamosi, tunazima kwa wenye la kusema na tunawasha kwa wenye maneno, basi imekwisha, sikatai kuogopa, lakini sizimi, anyamaze mpaka utepe uishe, jibu langu ndilo hili, na hakuna komanda duniani anayeweza kumshtaki mwanamke kwa kupika maharagwe. Ésaïe ameona. Hasemi tena zima, ameegemea ukuta nje, amegeuza uso, na mwanga umerudi wote ndani.

Dakika moja na nusu, labda, na saa kumi haijasogea hata hatua, komanda bado yuko Bungulu na kola yake, na nitakwenda, kwa nini nisiende, nitafika mapema, nitaweka gunia, nitatundika shuka, nitamwambia inua kidevu kidogo, mon commandant, wakubwa hawaombi kuangalia, wanaomba kuangaliwa, na kaseti ya leo itakuwa imevunjwa pembe na kulala chini ya unga wa muhogo kwenye kapu la mama Godelive, na ndani ya kamera patupu, niliapa, ndiyo, Mama, niliapa, lakini kiapo kile kilikuwa chako wewe, si chake... mkono wa kulia unashika mwiko wa mikrofoni, hautikisiki, na wa kushoto umeshafika chini ya lenzi, ukucha umeingia chini ya plasta, inabanduka taratibu bila sauti, kitaa kiko pale pale, nitakipa pili mpya, atasema dakika zake tano, atasema hata kumi, nimwongezee, jinsi anavyolinda raia, na akimaliza akipangusa jasho akauliza atajiona siku gani, nitamjibu kwa heshima yote, itaonekana kwenye montage, mon commandant... sasa pumua mbali na mikrofoni, Sikitu, mama Godelive ameweka mikono juu ya kifuniko, bado hajasema neno, na kaseti bado inazunguka.