Mlango Unaotazama Meza ya Mkwe

Wanafunzi walimpa jina la Mama Foleni, kwa sababu alipikia shule ya bweni mpaka akastaafu, na akisema "foleni" hata mwalimu mkuu alijikuta amenyooka. Mwanamke huyo hakuogopa mtu. Lakini tangu ahamie kwa bintiye kulikuwa na jambo moja lililomshinda, nalo ni kwenda chooni.

Choo chenyewe hakikuwa na kasoro. Kilikuwa kisafi na chenye maji, ila mlango wake ulifungukia sebuleni, na sebuleni ndiko mkwewe alikofanyia kazi. Mkwe alikuwa fundi redio. Meza yake, iliyojaa bisibisi, nyaya na harufu ya waya wa kulehemu, ilitazamana na mlango ule uso kwa uso, karibu na dirisha pekee lenye mwanga. Alikaa pale kutwa. Na ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Mtu akikohoa ndani, fundi anamwambia pole. Mama Foleni aliona heri apasuke kuliko mkwe wake amsikie akijisaidia.

Basi akatafuta ujanja. Chai alionja tu. Maji alisema yanamtia baridi. Haja kubwa na ndogo alizibana mpaka fundi atoke kupeleka redio ya mteja, hapo ndipo akatimua mbio. Mkojo ulipoanza kumchoma, akapunguza maji zaidi: kisichoingia hakitoki, na kisichotoka hakichomi. Hesabu safi kabisa, ya mtu anayejipeleka kaburini kwa adabu.

Fundi naye alikuwa na lake moyoni. "Mama yako hanywi hata maji kwangu," alimwambia mkewe jioni, mke huyo aliporudi kutoka kazini kwake, kufua mashuka ya hoteli. "Nimemkosea nini?" Mke akajibu kwamba wazee ndivyo walivyo. Mama aliyasikia yote kupitia mbao zilezile, yakamuuma kuliko huo mkojo, na bado akanyamaza.

Mchana mmoja homa ikamkamata. Alitetemeka mpaka kitanda kikatetemeka naye, mgongo ukamkata chini ya mbavu upande mmoja, kisha akatapika. Bintiye alikuwa kazini. Fundi aliacha redio ya watu imefunuliwa tumbo, akaita teksi, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, mwenye viatu vya raba. Alimgonga kidogo chini ya mbavu, mama akaruka.

"Ukikojoa, panauma?"

Mama akatazama dari. "Ni mgongo tu, mwanangu."

Lakini kipimo cha mkojo hakimwonei haya mkwe wa mtu. Kilionyesha usaha na damu kidogo. Daktari alivuta kiti, akakaa.

"Mama, vijidudu vimepanda kutoka kwenye kibofu mpaka kwenye figo. Dawa ya mshipani itavimaliza. Kipimo cha damu kinasema figo zimechoka, ila zitarudi. Ninachoogopa ni kingine. Hii ni mara ya kwanza?"

"Kila mara ananunua vidonge vya mgongo dukani," fundi akasema.

"Basi si ya kwanza. Figo zikishambuliwa hivi tena na tena zinapata makovu, na kovu la figo halifutiki. Lazima nijue kinachorudisha ugonjwa. Maji unakunywa? Mkojo unaubana? Choo kikubwa unapata?"

Mama akamtupia mkwewe jicho la haraka. Fundi akainuka polepole. "Nitoke nje, mama?"

Alitamani sana kusema ndiyo. Lakini akaona mbali kidogo: fundi akitoka, daktari atajua na nyumba haitajua, naye atarudi kwenye mlango uleule na kubana kulekule. Akapiga moyo konde.

"Kaa," akasema. Kisha, macho sakafuni: "Choo kinatazamana na meza yake. Naona haya. Nabana mpaka atoke, vyote viwili, na maji siyanywi ili nisiende. Si kwamba nakudharau, baba. Chai yako nzuri."

Mabega ya fundi yalianza kutikisika. Mama alidhani anacheka, kumbe anajifuta macho. "Mimi nilijua unataka kutuhama," akasema.

Daktari aliwaeleza wote wawili. Mkojo ukikaa sana kibofuni, vijidudu hupata muda wa kuzaana. Choo kikikauka tumboni hugandamiza kibofu, nacho hakimwagi mkojo wote. Kwa hiyo anywe maji, aende mara tu akibanwa, dawa azimalize hata akijiona mzima, na akijisafisha atoke mbele kwenda nyuma. Hapo fundi alianza kusoma bango la chanjo ukutani kama mtu aliyeajiriwa kulisoma.

Homa ilishuka akiwa wodini, na kipimo cha damu kilichorudiwa kikaonyesha figo zinarudi kazini. Bintiye alilia kwa furaha, akamgombeza mama, akalia tena.

Siku ya kurudi nyumbani walimkuta mteja sebuleni anasubiri redio yake. Fundi hakumjali. Alishika meza, akaanza kuiburura kuelekea chumbani.

"Unaipeleka wapi?" mama akauliza.

"Ndani."

"Kuna giza huko. Utaona nini?"

"Nitazoea."

"Kuzoea ndiko kulikonilaza hospitali. Rudisha meza."

Fundi akairudisha, akakaa, asijue aangalie wapi. Mama alisimama mbele yake. Uso ulikuwa wa moto, lakini hakuondoka.

"Nipishe, baba," akasema. "Nakwenda kukojoa."

Mteja akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Fundi akakunja miguu yake chini ya meza ili mama apite.

"Haya, mama," akasema. "Mimi nakumiminia maji mengine."