Kichupa Chini ya Migebuka

Kitendawili! Sema tega. Mtumishi wangu hana macho, lakini mwache gizani katikati ya umati, atamkumbatia aliyevaa nyekundu tu. Umeshindwa? Usione haya, hata mimi wa darasa la saba nilishindwa. Ni kingamwili.

Ilikuwa kwenye kichupa kidogo kama kidole cha mtoto. Merina, mjukuu wangu, aliileta nyumbani Kasingirima mwaka juzi, umeme ulipokatika kwenye maabara yao, kwa sababu friji yangu ni ya sola. Alikuwa amepandikiza protini nyekundu inayong'aa ndani ya seli za samaki. Wekundu wake hufifia, akasema, ila hiyo kingamwili huusaka na kuung'arisha hata pale macho yasipouona.

"Bibi, iwe ya baridi tu. Ikiganda imeharibika."

"Mke mwenzangu, nimeuza migebuka miaka thelathini. Utanifundisha friji?"

Babu yake, Selestini, akacheka. "Wake zangu msigombane."

Sasa, mimi kitu cha thamani sikiachi juu juu. Samaki wangu, migebuka ya harusi, migebuka ya padri, yote huizika chini kabisa kwenye barafu. Merina alipotoka, nikakizika na kichupa. Kwa upendo! Asubuhi nikakikuta kigumu kama kokoto. Nikakitia ndani ya sidiria, nikasonga ugali huku kikiyeyuka, naruka kama niliyeingiwa na siafu.

Merina alipokuja kukichukua alikigeuzageuza. Gamba la samaki lilikuwa limenata kwenye lebo.

"Bibi, hii iliganda?"

"Chai inapoa, mama."

Wiki mbili hatukumwona. Alirudi Jumamosi, macho yamevimba, akaketi mkekani bila hata shikamoo. Selestini akamuuliza kulikoni.

"Hakuna kilichong'aa, Babu. Hata doa. Seli zangu hazikupokea ile protini. Kesho nazimwaga zote, naanza upya. Miezi mitano hiyo."

"Na ile dawa yako je? Labda ndiyo mbovu."

"Haiwezekani. Ilikaa kwa Bibi."

Selestini akanitazama. Mtu niliyeishi naye miaka arobaini na mitatu anajua hata ninavyomeza mate. Nikaweka mwiko chini.

"Usizimwage," nikasema.

"Kwa nini, Bibi?"

"Iliganda."