Fisi Maji Alitokea Nje ya Picha

"Mama, nimeharibu," Ojwang alisema hata kabla hajavua viatu vya matope. "Na usilaumu kamera. Ni mimi."

Mama yake, Ajwang, alikuwa kwa kiti mbele ya televisheni, pua karibu iguse kioo. Presha ya macho ilikuwa imemwachia kaupenyo kadogo tu ka kuonea, na daktari alishasema hata hako kataziba. Tangu aletwe Kitengela kutibiwa alikuwa ameomba kitu kimoja: kuona fisi maji tena. Alizaliwa kando ya mto Yala, na akienda kuteka maji akiwa msichana, wale wanyama walikuwa wanacheza mbele yake kama watoto wamefunga shule.

"Weka mkanda," alisema. "Nione vile umeharibu."

Ojwang alikuwa mtu wa video. Harusi, mazishi, harambee za kanisa, huko kote alijulikana, na mizaha yake ilifika kabla ya kamera. Mwaka huo wa 2003 wachungaji wa ng'ombe walianza kusema fisi maji wamerudi kwa mto wa hapo Kitengela, pale chini ya machimbo ya mawe yaliyofungwa, kwa vile maji yalikuwa yameanza kuwa masafi. Mzee Parsaloi, mwenye shamba, akamkubalia aingie. Wiki nzima Ojwang alilalia tumbo kwa nyasi. Alipata mavi yamejaa maganda ya kaa, akamwambia mke wake Jentrix hiyo ndiyo marashi ya wenye mto. Mnyama mwenyewe, hata mkia hakuona.

Mpaka asubuhi hii. Mstari ukajichora kwa maji, ukaja upande wake polepole. Ojwang akawasha kamera, akashika pumzi.

"Sopa, mtu wa picha!"

Salamu hiyo ya Kimaasai ilikuwa ya Mzee Parsaloi, amesimama nyuma yake, amevaa kofia ya Jumapili.

Sasa, mtu wa video ako na sheria moja: mkubwa akifika, kamera inamfuata. Umuache bibi harusi, lakini usimkose mwenyekiti. Mkono wa Ojwang ulikuwa umezoea hivyo miaka mingi, hata haukuuliza kichwa. Ukageuka. Ukampiga mzee picha kuanzia kofia, ukateremka mpaka kwa akala zake za tairi, ukapanda tena, ukangoja acheke. Na kwa pembe ya jicho Ojwang akaona fisi maji amepanda jiwe, shingo nyeupe kama kola ya padri, kaa mdomoni. Kamera iliporudi, jiwe lilikuwa limebaki na maji tu.

Mkanda ukaanza kucheza.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni mwenye shamba."

"Ako na meno mazuri."

Jentrix akacheka huko jikoni. Hata Ojwang alitaka kucheka, lakini mama akainua mkono.

"Nyamazeni."

Nyuma ya tabasamu ya mzee kulikuwa na sauti: kru, kru, kru, kitu kinatafunwa bila haraka. Halafu mluzi mfupi, halafu maji kupasuka. Ajwang akahamisha uso, akaweka sikio kwa spika.

"Ni yeye," alisema. "Anakula kaa."

"Angalau umemsikia, Mama."

"Nimesikia. Lakini baba, masikio niko nayo mpaka nife. Mimi nilitaka kuona."

Ojwang akatoa mkanda kwa mashine.

Kesho yake akambeba mama mgongoni kwa ile njia ya mawe ya kushuka mtoni. Jentrix alifuata nyuma na blanketi, akilalamika, "Mkianguka, mimi sijui nitamwokota nani kwanza." Wakamkalisha mama ukingoni, mahali jua lilikuwa linapiga maji vizuri. Kamera waliiacha nyumbani.

Walikaa. Ndege akakunywa maji, akaenda. Mara mbili Ojwang alidhani ameona mstari, kumbe ni upepo. Mama alikuwa anageuza kichwa pole pole, akisogeza kale kaupenyo kake juu ya maji, kutoka jiwe mpaka jiwe.

"Wewe wa kula kaa," alisema mwishowe, kwa sauti ya kuamkia jirani. "Mimi ni Ajwang, wa kule Yala. Siko na macho ya kungoja sana. Toka kidogo nikuone, hata kama ni mgongo tu."

Mto uliendelea kushuka, na Ajwang akarudisha kaupenyo kake kwa jiwe la kwanza.