Simu Iliyokwenda Kuposa

Kahama nzima hakukuwa na mteja aliyejua anachotaka kama Jilala. Mwaka ule wa tisini na tisa simu za mkononi ndio kwanza zilikuwa zinaingia Shinyanga mjini, na Rohit, mwenye duka la redio pale Nyasubi, alikuwa nazo mbili tu kwenye kabati la kioo.

"Chukua hii ndogo," Rohit alisema. "Inakaa na chaji, halafu nyepesi."

"Nyepesi ya nini? Mimi nabeba viroba vya mawe, nitashindwa simu? Nataka ile iliyonona. Antena ichomoze, mtu aione kabla hajamwona mwenye nayo."

"Lakini Kahama hakuna mtandao, Jilala. Utaongea na nani, kuku?"

"Kwani nimesema naongea? Inakwenda Ngokolo kuposa."

Na kweli ilikuwa inakwenda. Jilala alikutana na Vumilia, binti wa mzee Ngassa wa Ngokolo pale Shinyanga mjini, msibani Kharumwa, na binti mwenyewe ndiye aliyemwambia atume mshenga upesi, wengine wasije wakamtangulia. Sasa mtu hajiposei. Hata kuzungumza na baba mkwe kabla posa haijapokewa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Jilala akamtuma Selestine, mwenzake wa shimo moja la dhahabu, kijana mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Akampa shati lake jipya, akamchomekea simu kiunoni.

"Wakiiona hiyo, nkoi, rafiki yangu, watajua aliyekutuma si mtu wa mchezo."

"Ondoa shaka, bwana harusi," Selestine alisema huku akiipapasa antena. "Nitakuposea mpaka bibi yake."

Jilala akacheka hadi akakohoa.

Siku ya posa uvumilivu ulimshinda. Akaenda kwa Rohit kupiga kwa simu ya mezani. Ikaita, ikapokelewa.

"Halo, nani mwenzangu?" Sauti ya Selestine ilikuwa kama imevaa tai.

"Mimi, Jilala! Wamesemaje?"

Mzee mmoja akasikika kwa mbali: "Nani huyo, mkwe?"

"Kijana wangu mmoja wa machimboni, baba. Hawa ukiwapa kisogo tu, hawajiwezi."

Jilala alidhani ni utani. Selestine na utani ni chanda na pete. Akangoja acheke. Aliyecheka alikuwa mwanamke.

"Si umwambie apige baadaye? Chai inapoa."

Vumilia! Sauti ile ile iliyomwambia atume mshenga.

"Vumilia, ni mimi! Jilala!" alipiga kelele, mpaka Rohit akaacha kufuta kioo.

"Hebu nami niisikie," mzee Ngassa akasema, na mara akawa yeye kwenye simu. "Haloo! Nani?"

Magoti ya Jilala yakajikunja yenyewe. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba! Tajiri wako tumempokea. Ulikuwa na neno?"

Alikuwa nalo: mkwe ni mimi. Lakini mwanamume anayejiposea mwenyewe kwa baba mkwe, tena kwa waya, ni mwendawazimu; hata ukoo wake ungemkana. Neno lile lilikuwa la mshenga kulisema, na mshenga alikuwa anakunywa chai.

"Hapana, baba. Nilikuwa nawasalimu tu."

Akarudisha mkonga wa simu polepole, kama anayelaza mtoto.

"Vipi, inashika vizuri?" Rohit aliuliza.

"Inashika," Jilala akasema. "Hata kijiko kikikoroga sukari nimekisikia."