Pampu ya Maji na Mkasi wa Kushonea

Mwanangu wa kwanza alikuja asubuhi na mtu wa vyuma chakavu. Wakaegesha lori kando ya geti kama watu waliokuja kuchukua maiti.

"Mama, gari lako limezeeka."

"Hata mimi. Na mimi utanipandisha kwenye lori?"

Mtu wa vyuma alicheka, kisha akajikohoza kwa adabu.

Gari hilo nililinunua kwa jasho la cherehani yangu, mwanangu akiwa bado anatambaa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: pampu ya maji ilivuja, na injini ikawa inachemka. Pampu mpya nilikuwa nayo. Muuza vipuri aliipekua stoo yake siku tatu mpaka akaipata, akaifuta vumbi kwa shati lake mwenyewe kabla ya kunikabidhi.

"Nikienda barabara kuu na kurudi bila kuchemka, linabaki," nilimwambia mwanangu. "Likichemka njiani, chukueni."

"Na mimi ndiye shahidi," alidakia wifi yangu ninayeishi naye, akitoka ndani huku akikunja mikono ya gauni.

Tulimwaga maji ya rejeta, tukatoa mkanda na feni, kisha tukafungua boliti za pampu. Wifi alizichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokichorea umbo la pampu, kila moja mahali pake, maana hazilingani urefu. Gasketi ya zamani, ile karatasi ya kuzuia maji yasivuje kati ya pampu na injini, ilikuwa imegandia chuma, nikaikwangua taratibu kwa kisu butu. Mpya niliikata mwenyewe kwenye karatasi ngumu, kwa mkasi wangu wa kushonea.

Tukafunga, tukajaza maji. Injini ikawaka. Kabla sijatoka getini, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na mvuke ukafoka.

"Basi, Mama. Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema likichemka njiani. Njia iko wapi hapa?"

"Mtoto, hapo umeshikwa," wifi akasema.

Nilikaa juu ya ndoo kusubiri injini ipoe. Mtu wa vyuma angeweza kupiga honi, ana kazi zake. Badala yake alizima lori, akaniletea chupa yake ya maji. "Kunywa kwanza, bibi. Mimi sina haraka."

Ilipopoa nikafungua tena. Hee! Karatasi ilikuwa imeziba karibu tundu lote la maji. Mkono umezoea: nilikuwa nimeacha nafasi ya mshono, kama ninayekata kola.

Wifi alishika mbavu kwa kicheko. "Injini nayo ulitaka kuipiga upindo?"

"Cheka, lakini nishikie hizo boliti."

Nikakata nyingine, safari hii ukingoni kabisa, tukafunga na kujaza maji tena. Mwanangu aliingia kiti cha mbele bila kukaribishwa, macho kwenye mshale. Tukafika barabara kuu. Mshale katikati. Nikageuza polepole. Mshale palepale.

Tuliporudi, mtu wa vyuma alikuwa ameshasogeza lori lake kunipisha, na geti amelifungua wazi.

Mwanangu alishusha pumzi. "Sawa, Mama. Linabaki."

"Najua. Sasa shuka, umpishe shangazi yako. Mimi na yeye bado tuna safari."